Brashi imegoma kuchora, leya haijafungwa, siafu hawaonekani: naombeni msaada

#1 Wino Mwepesi

Habari zenu wakuu. Mi ni mgeni kidogo kwenye hii michoro ya kidijitali, nina kama miezi minne tangu niache penseli, na nimekwama toka jana usiku. Nilikuwa nachora sura ya mtu, macho nimemaliza, pua nimemaliza, nikaingia kwenye shavu nikataka niweke wekundu flani hivi laini, nikazungushia kasehemu kadogo kwa laso (ile zana ya kuchagua eneo kwa kulizungushia mkono) nikaweka fedha 40 ili kingo ziwe laini, kuna kiboksi kikatokea nikabofya sawa, nikaona rangi haishiki vizuri nikasema basi ngoja niendelee na nywele kwanza ntarudi. Toka hapo brashi haichori. Popote. Leya (tabaka la mchoro) haijafungwa, kijicho cha leya kiko wazi, rangi siyo nyeupe, saizi ya brashi ni 60, opasiti 100, kalamu nayo ni nzima maana menyu nabofya nayo. Programu sijaizima kwa sababu naogopa kupoteza historia ya kurudi nyuma, kuna vitu bado nataka kuvitengua. Tatizo ni nini hapa?

#2 Kidole Tupu

Ctrl+D. Karibu.

#3 Naweka Kambi

Fedha 40 ndo za nini tena, kuchora siku hizi kunalipiwa shavu kwa shavu? 😂

#4 Wino Mwepesi

Fetha jamani, FETHA, ile ya kulainisha kingo. Simu inanisahihisha yenyewe.

Kidole Tupu mkuu hiyo si ni ya kuondoa seleksheni, yaani eneo ulilochagua? Sina seleksheni. Wale siafu, vile vidoti vinavyotembea kwenye ukingo wa seleksheni, hawapo, nimevuta karibu nimezunguka kanvasi yote kona kwa kona, hakuna kidoti hata kimoja kinachotembea.

#5 Mtoro wa Leya

Angalia vitu vitatu. Cha kwanza leya uliyosimamia ni ipi, kuna watu wanachora kwenye leya iliyofunikwa na leya nyingine juu yake wanalia brashi imekufa. Cha pili usije ukawa umesimama kwenye maski ya leya (kile kifuniko cha kuficha sehemu zake) badala ya leya yenyewe. Cha tatu alfa loki, ikiwa imewashwa kwenye leya tupu huwezi kuchora kitu maana hakuna pikseli (kile kiboksi kidogo cha rangi kinachounda picha) ya kupaka.

#6 Wino Mwepesi

Nimetengeneza leya mpya kabisa juu ya zote, alfa loki imezimwa, maski hakuna. Kimya.

#7 Fundi Kingo

Subirini kwanza kabla hamjamtuma akafomati kompyuta. Wino, fanya hivi: chukua brashi kubwa kabisa, nyeusi, ngumu isiyo na ulaini wowote, ipitishe kanvasi nzima kama unapaka chokaa ukuta. Pita mara tatu nne hasa pale kwenye shavu. Halafu uniambie unaona nini.

#8 Wino Mwepesi

Aisee. Kwingine kote hakuna kitu ila pale kwenye shavu kuna kitu kama moshi. Kidogo sana. Nikipita tena unaongezeka.

#9 Fundi Kingo

Basi tumempata. Seleksheni unayo ndugu yangu, na Kidole Tupu alikupa dawa kwa herufi moja we ukaikataa kwa sababu huoni siafu. Bonyeza Ctrl+D kwanza uendelee kuchora ndo urudi kusoma, maana hili ntalieleza kwa urefu, nimechoka kuliona linarudi kila mwezi.

Watu wengi tunafundishwa kwamba seleksheni ni mstari. Unazungushia kitu mstari, ndani ya mstari rangi inashika, nje haishiki. Siyo mstari. Seleksheni ni picha nyingine kabisa, ya rangi ya kijivu, imelala juu ya kanvasi yako na huioni. Kila pikseli ya mchoro wako ina namba yake pale, kuanzia 0 mpaka 255. 0 maana yake hapa rangi haipiti kabisa, 255 maana yake inapita yote, na 128 hivi maana yake inapita nusu. Fikiria umeshika kipande cha boksi ulichokitoboa herufi kwa wembe, unapulizia rangi juu yake. Sasa fikiria hilo boksi sehemu nyingine halijatobolewa likaisha, limekwanguliwa tu likabaki jembamba kama kitambaa, rangi inapenya kwa kuchuja. Hiyo ndo seleksheni yenye fetha.

Sasa wale siafu. Kompyuta haiwezi kukuchorea kijivu chote kile juu ya mchoro wako maana usingeona unachofanya, kwaiyo inachagua sehemu moja tu ya kupitisha siafu: pale namba inapovuka nusu. Asilimia 50. Pikseli yenye asilimia 51 iko ndani ya siafu, yenye asilimia 49 iko nje, ila zote mbili zinashika rangi karibu sawasawa! Ndo maana mtu akiweka fetha kubwa anashangaa mbona rangi imetoka nje ya siafu. Haijatoka nje ya seleksheni, imetoka nje ya siafu tu.

We ulichofanya ulizungushia kieneo kidogo sana ukaweka fetha 40. Fetha inachukua zile 255 za ndani na 0 za nje inazikorogea pamoja, na kama eneo lenyewe ni dogo kuliko fetha, zile 255 zinamezwa. Hapo kwako pikseli ya juu kabisa labda ilibaki na 60 au 70 kati ya 255. Haijafika nusu, basi siafu hawana pa kupita, hawachorwi. Seleksheni ipo hai, imefunga kanvasi yako nzima isipokuwa hako kamoshi kwenye shavu.

Na kile kiboksi ulichobofya sawa, mara nyingi huwa ndo kinakwambia hivyohivyo. Kwa mfano Photoshop inaandika kabisa kwamba hakuna pikseli iliyochaguliwa zaidi ya asilimia 50, kwaiyo kingo za seleksheni hazitaonekana. Wote tunabofya sawa. Mi mwenyewe nilibofya sawa miaka.

#10 Wino Mwepesi

IMECHORA. Jamani. Nimekaa masaa matano. Kosa langu kabisa, kiboksi nilikiona kwa macho yangu haya nikakifukuza kama nzi.

#11 Kidole Tupu

Sisemi kitu.

#12 Naweka Kambi

Na mi yangu imechora!! Ila mi kwangu siafu walikuwa wamefichwa, nilibonyeza Ctrl+H bila kujua.

#13 Fundi Kingo

Hiyo nayo ipo, Ctrl+H inaficha siafu lakini seleksheni inabaki, GIMP wao wanatumia Ctrl+T kwa kazi hiyohiyo. Mi naitumia sana nikiwa napaka kwenye kingo maana wale wadudu wanaumiza macho, ila ukiwaficha ukaenda kulala ukirudi kesho utakuja kufungua uzi kama huu. Halafu kwa wanaosoma wakiwa na programu tofauti, kuondoa seleksheni siyo Ctrl+D kila mahali. Photoshop na Clip Studio Paint ni Ctrl+D, Krita na GIMP ni Ctrl+Shift+A. Ukitaka kuona lile kijivu lenyewe kwa macho, washa kwiki maski: Photoshop ni herufi Q, GIMP ni Shift+Q, kanvasi inafunikwa na wekundu pale ambapo rangi haipiti. Wino ungebonyeza hiyo ungeona picha yako yote nyekundu na kidoa kimepauka shavuni, mchezo ungeisha.

#14 Mzee wa Zamani

Mmenikumbusha mbali. Hao siafu walianza na MacPaint ya mwaka 1984, aliyeiandika ni Bill Atkinson, na inasimuliwa alipata wazo kwenye taa za tangazo la bia, zile zinazowaka kwa zamu mpaka unaona kama maji yanatiririka. Laso nayo ilikuwemo humo humo. Ila sasa ile ilikuwa ni nyeusi na nyeupe tupu, pikseli ama imewaka ama imezima, hakuna kijivu, kwaiyo hilo somo la Fundi la 0 mpaka 255 halikuwepo. Mstari ulikuwa mstari kweli.

#15 Wino Mwepesi

Sasa wakuu maadam mpo hapa niulize lingine ambalo limenikera muda mrefu. Nikitumia ile fimbo ya uchawi kuchagua ndani ya layini zangu (mistari ya mchoro) halafu nikamwaga rangi, kunabaki kaukingo keupe kati ya rangi na mstari. Kama mtu aliyepaka rangi akaogopa kugusa ukuta. Narudia kwa brashi kidogokidogo, mchoro mmoja unanichukua saa nzima. Mnafanyaje?

#16 Kidole Tupu

Panua seleksheni pikseli 2. Weka rangi kwenye leya ya chini. Karibu.

#17 Fundi Kingo

Kidole Tupu siku utakayoandika sentensi ya tatu tutachinja mbuzi.

Ila yuko sahihi. Nieleze kwa nini, maana ukijua kwa nini hutahitaji kuuliza ni pikseli 2 au 3.

Vuta karibu mchoro wako mpaka uone vile viboksi, asilimia 800 hivi. Mstari wako mweusi haukatiki ghafla kwenda kwenye nyeupe, kuna pikseli mbili tatu za kijivu katikati, ndo zinafanya mstari uonekane laini ukiwa mbali. Tuseme ukitoka kwenye nyeupe kwenda kwenye nyeusi unakutana na 255, 255, 200, 140, 60, 0. Fimbo ya uchawi we unaibofya kwenye nyeupe, yaani 255, na inauliza swali moja tu: jirani yangu ananifanania kiasi gani? Kile kiasi ndo toleransi. Photoshop inakuja ikiwa imewekwa 32. 255 ukitoa 32 unapata 223. Kwaiyo pikseli yenye 200 inakataliwa. 140 inakataliwa. 60 usiseme. Unamwaga rangi, zile 200 na 140 zinabaki na weupe wao, na huo ndo ukingo unaoulilia.

Ukipandisha toleransi mpaka 120, kikomo kinashuka hadi 135, basi 200 na 140 zote zinaingia. Inabaki ile 60 ambayo ni karibu nyeusi, jicho haliioni. Watu wengine wanaishia hapo na wanaridhika. Tatizo ukipandisha sana, mstari mwembamba au uliochorwa kwa kalamu nyepesi fimbo inauruka kabisa inaenda kuchagua mpaka nyuma ya mtu.

Ndo maana mi sipendi kucheza na toleransi peke yake. Naiacha katikati, nachagua, halafu napanua seleksheni kwa pikseli moja au mbili ili iingie chini ya mstari. CHINI ya mstari, siyo juu yake. Layini ziwe leya ya juu zenye mgongo wazi usio na nyeupe, rangi leya ya chini yake. Kwenye leya ya rangi ule ukingo wenyewe uko katikati ya unene wa mstari, mstari unaufunika, hakuna anayejua. Upanue kiasi gani? Nusu ya unene wa layini yako ndo mwisho. Layini ya pikseli 6, panua 2 au 3. Layini ya pikseli 3 ukipanua 3 rangi inatokea upande wa pili.

Krita na Clip Studio wanakuwekea huo upanuzi ndani ya mipangilio ya fimbo yenyewe, unaweka mara moja unasahau. Photoshop unaenda kwenye menyu ya seleksheni, kwenye kurekebisha, unapanua. Na kumbuka kuiambia fimbo iangalie leya zote au leya ya layini, siyo leya uliyosimama, kwa sababu umesimama kwenye leya ya rangi ambayo ni tupu na fimbo kwenye utupu itachagua kanvasi nzima.

#18 Naweka Kambi

Kwangu inachagua kanvasi nzima kila siku 😭 kumbe

#19 Tone la Rangi

Habari, mi natumia simu kidole tu sina kalamu. Kwenye fimbo rangi inavuja inaenda mpaka nje, nimepunguza toleransi mpaka chini kabisa bado inavuja.

#20 Fundi Kingo

Ikivuja na toleransi ya chini basi mstari wako haujafunga. Kuna kitobo. Fimbo ni kama maji, kitobo cha pikseli moja kinatosha. Tafuta pale nywele zinapokutana na shingo na pale kidole kinapokutana na kiganja, asilimia kubwa viko hapo maana ndo sehemu tunanyanyua mkono. Clip Studio wana mpangilio wa kuziba mianya, unachagua mwanya mkubwa kiasi gani uhesabike umeziba. Kama programu yako haina, ziba mwenyewe: tengeneza leya nyingine, chora kimstari cha kuziba, mwaga rangi, halafu futa hiyo leya. Mi hata programu yenye hicho kitu wakati mwingine naziba kwa mkono tu, ni haraka.

Swali: hizo layini umechora mwenyewe au umepakua picha?

#21 Tone la Rangi

Nimepakua za kufanyia mazoezi ya rangi

#22 Fundi Kingo

Ni JPEG? Kama ni JPEG jua una tatizo la pili linakungoja. JPEG inagandamiza picha kwa viboksi vya pikseli 8 kwa 8, na kuzunguka kila mstari mweusi inaacha takataka za kijivu ambazo kwa macho ya kawaida ni nyeupe. Fimbo inaziona zote. Utaona ukimwaga rangi kunabaki vidoti vidoti kama vumbi. Tafuta PNG, au kama huna namna pandisha utofauti wa mwanga wa picha mpaka nyeupe iwe nyeupe na nyeusi iwe nyeusi ndo uanze kuchagua.

Na kwa kidole, wenye Procreate wana kitu kizuri, ukichagua kwa njia ya otomatiki hunyanyui kidole, unakiburuza kulia kuongeza toleransi na kushoto kupunguza huku unaona eneo linavyokua. Hiyo ilinifundisha toleransi kuliko maelezo yoyote. Halafu wao hawana siafu, ukikamilisha kuchagua wanaweka michirizi ya mshazari inayotembea kwenye sehemu ambayo HAIJAchaguliwa, kwaiyo janga la Wino la kutojua kuna seleksheni ni gumu kutokea.

#23 Mtoro wa Leya

Mnisamehe wakuu ila naona mnateseka bure. Mi mwaka wa pili huu sigusi seleksheni. Unapaka umbo la rangi moja kwenye leya, unaweka leya nyingine juu unaibana na klipingi maski, unapaka kivuli utakavyo haitoki nje ya umbo hata ufumbe macho. Ukitaka kubadilisha unabadilisha, leya iko pale. Seleksheni ukiiondoa imeenda. Hilo shavu la Wino lilikuwa la klipingi na brashi laini, dakika moja limeisha, hakuna fetha wala fedha.

#24 Fundi Kingo

Kwa shavu umenishinda, nakubali kabisa. Wekundu wa shavu hata mi ningetumia brashi laini kwenye leya iliyobanwa.

Lakini lile umbo la rangi moja la kwanza unalipataje? Unalipaka kwa mkono mpaka kwenye kingo?

#25 Mtoro wa Leya

Nazungushia kwa laso namwaga...

#26 Kidole Tupu

😂😂😂

#27 Mtoro wa Leya

Sawa sawa nimejikamata mwenyewe.

#28 Wino Mwepesi

Hiyo ya laso na kumwaga ndo ipi? Nielekezeni.

#29 Mtoro wa Leya

Badala ya kuchora mstari halafu ujaze, unachora umbo lenyewe kwa laso. Unazungusha mkono kama unakata karatasi kwa mkasi, ukifunga duara unamwaga rangi, tayari una kichwa. Unashika Shift unazungushia shingo inajiunga. Unashika Alt unakata pale palipozidi, kwenye kwapa, kati ya vidole, pembeni ya sikio. Mi naanza michoro yangu yote hivyo siku hizi, siweki layini kabisa. Kwa anayetoka kwenye penseli kama we mwanzoni mkono utakataa maana laso haina unene, huoni mstari, unaona kauzi tu. Ila inakulazimisha ufikirie umbo, na kosa linaonekana mapema, kama kichwa kimekaa vibaya unakiona ndani ya sekunde kumi siyo baada ya kumaliza kope.

Ukiwa na laso kwenye Photoshop ukishika Alt katikati ya safari unaweza kupiga mistari iliyonyooka, ukiachia inarudi kufuata mkono. Majengo na mikono ya shati inasaidia sana.

#30 Fundi Kingo

Niongezee hapo kwa wa Krita, ukiwa umeshika zana ya kuchagua kuna herufi tatu: R ni kuanza upya, A kuongeza, S kutoa. Shift na Alt nazo zinafanya kazi. Na kuna laso ya sumaku inayojigandisha kwenye kingo, Krita waliileta kwenye toleo la 4.3 mwaka 2020. Mi binafsi laso ya sumaku siipendi, kwa picha ya kamera yenye kitu kilichojitenga na nyuma yake inakwenda vizuri, kwa mchoro wenye layini inababaika ishike upande gani wa mstari, unatumia muda mwingi kuirudisha kuliko ungezungusha mwenyewe.

#31 Bibi Pikseli

Mbona hakuna anayetusemea sisi wa michoro ya pikseli 32 kwa 32? Kila kitu mlichosema hapo juu kwetu ni sumu. Fetha ni sumu. Kulainisha kingo kwenye laso ni sumu. Zimeni vyote, toleransi iwe 0, seleksheni iwe ama ndiyo ama hapana kama ile ya Mzee wa Zamani. Na kubwa kuliko yote ukichagua kitu ukakizungusha angalia njia ya kukokotoa pikseli, weka ile ya jirani wa karibu, zile nyingine zinachanganya rangi za jirani unapata rangi ambazo hazimo kwenye kisahani chako cha rangi.

Kuzungusha nyuzi 90 au kugeuza kulia kushoto hakuharibu kitu maana kila pikseli inahamia kwenye kiboksi kamili. Nyuzi 45 mtu wako wa pikseli 32 anakuwa kokoto. Mchore upya.

#32 Wino Mwepesi

Bibi na sisi wa michoro mikubwa je? Mi nachagua jicho nalisogeza, nalizungusha kidogo, nabonyeza sawa, naona bado, nachagua tena, nalikuza kidogo, nabonyeza sawa, narudia, mpaka linakuwa na ukungu. Nilidhani ni macho yangu.

#33 Bibi Pikseli

Siyo macho yako. Kila ukibonyeza sawa programu inakokotoa upya pikseli zote, na kila ikikokotoa inapoteza kidogo. Ni kama kutoa kopi ya kopi ya kopi. Kusogeza tu bila kuzungusha wala kukuza hakuharibu, ila kuzungusha na kukuza kunaharibu. Fanya vyote ndani ya transfomu moja: sogeza, zungusha, kuza, tazama, rudisha, tazama tena, ndo ubonyeze sawa mara moja. Na kabla hujagusa piga kopi ya leya. Jicho likiharibika unarudi kwenye lile la kwanza, hulikarabati lililoharibika.

#34 Naweka Kambi

Swali la mwisho kwa Fundi. Nimechagua nguo yenye mikunjo, nusu saa nzima kwa laso, nikabofya nje kwa bahati mbaya ikapotea. Nilitaka kulia.

#35 Fundi Kingo

Kwanza ni kurudi nyuma kwa Ctrl+Z, kuchagua ni hatua kama hatua nyingine, inatenguliwa. Kama umeshachora vitu vingi baada ya hapo hutaki kuvirudisha, Photoshop na Clip Studio wana Ctrl+Shift+D inakurudishia seleksheni ya mwisho.

Lakini seleksheni ya nusu saa haiachwi ikae hewani. Nilisema seleksheni ni picha ya kijivu si ndio? Basi picha inaweza kuhifadhiwa. Photoshop na GIMP unaihifadhi kama chaneli, Procreate wana sehemu ya kuhifadhi na kupakia humohumo kwenye menyu ya kuchagua. Faili lihifadhiwe kwa muundo wa programu yenyewe, ukitoa PNG ukafunga zile chaneli huzikuti. Njia ya uvivu, ambayo ndo yangu, ni hii: ukimaliza kuchagua nguo mwaga rangi yoyote ya kijinga, pinki kali, kwenye leya mpya, iite nguo, ifiche. Siku ukiihitaji Photoshop unashika Ctrl unabofya kapicha ka hiyo leya, seleksheni inarudi kama ilivyokuwa, na ile fetha yake imo, maana pikseli zilizopauka zinarudi zikiwa zimepauka. Mi faili zangu mtu akifungua leya zilizofichwa anadhani nimerukwa na akili, pinki tupu.

#36 Wino Mwepesi

Nimerudi. Nimefanya kama mlivyosema, layini juu, rangi chini, layini zangu ni pikseli 5 nimepanua 2. Ule weupe umeisha, sura nzima dakika sita. Tatizo limebaki kwenye ncha za kope, pale mstari unapokwisha mwembamba kabisa rangi ya ngozi imechungulia kwenye weupe wa jicho.

#37 Fundi Kingo

Ncha ya kope ina pikseli moja, we umepanua mbili. Hapo hakuna mpangilio, chukua kifutio kidogo kigumu pita kope moja moja. Ila kabla ya kufuta...

#38 Kidole Tupu

Ctrl+D.

#39 Wino Mwepesi

😂 nilikuwa nayo kweli, shavu la kushoto